Kware wa baba, matofali ya mama

Mhariri, wiki hii mmeuliza: mstaafu alipwe sehemu kubwa ya fedha zake kwa mkupuo, au kidogo kidogo kila mwezi hadi mwisho wa maisha yake? Nimelisoma swali nikiwa zamu ya usiku wodini, na asubuhi bado lilikuwa limenikaa kooni.

Niweke msimamo wangu kabla sijaanza hadithi, maana najijua. Kila mwezi. Najua nitazomewa. Wenzangu kazini wakisikia neno kikokotoo, ile kanuni ya kukokotoa mafao yetu ya kustaafu, hawamalizi chai. Waliumia 2018 tulipoambiwa mkupuo utakuwa asilimia 25 ya mafao, wakapumua Desemba ile Rais Magufuli alipousimamisha mpango huo, wakaumia tena Julai 2022 ilipokuja asilimia 33 badala ya 50 tuliyoizoea. Bajeti ya 2024 ikapandisha hadi 40, na bado wananung'unika. Sasa mimi, nesi wa miaka 51 ninayekatwa asilimia 5 ya mshahara kila mwezi kwa ajili ya pensheni na mwajiri akiweka 15, nasimama upande gani? Ngojeni kwanza niwape habari za kware.

Baba alistaafu 2013, mwalimu mkuu wa shule ya msingi, Morogoro. Alilipwa milioni 62, na pensheni ya mwezi ikawa laki tatu na elfu thelathini na kitu. Kwa miaka 37 mkono wake haukuwahi kushika zaidi ya mshahara na mkopo wa SACCOS. Wiki ya kwanza nyumba ilijaa wageni, tukapika pilau kana kwamba kuna maulidi. Mama hakusema neno. Alikwenda Kihonda kwenye kiwanja chetu, akamwita fundi afyatue matofali 3,000. Shangazi alipomuuliza haraka ya nini, alimjibu, "Tofali halikopeki."

Mnaukumbuka mwaka wa kware? Ilikuwa 2014 hivi, kila kona unaambiwa yai la kware linatibu presha, kisukari, hadi nguvu za kiume. Baba mdogo ndiye aliyeleta habari nyumbani, pamoja na kikokotoo chake mwenyewe: kware anaanza kutaga akiwa na wiki sita au saba, anataga karibu kila siku, yai moja shilingi elfu, kware 400, zidisha mwenyewe. Baba akazidisha. Hakukosea hata sifuri moja, alikuwa mwalimu wa hesabu.

Likajengwa banda la waya uani, ikanunuliwa mashine ya kutotolesha, taa zikawa zinawaka usiku kucha. Umeme ukikatika tulikimbilia jiko la mkaa, tunalisogeza bandani juu ya kipande cha bati, na mzee kwenye kanzu yake, tochi mdomoni, anahesabu vifaranga wasiozidi dole gumba. Aliwaandika kwenye daftari la mahudhurio alilotoka nalo shuleni. Waliokufa aliwaandika "watoro".

Mayai yakaja, yana madoadoa kama vijiwe vya mtoni. Trei zilipangwa sebuleni, chini ya vitanda, juu ya kabati la vyombo. Wateja sasa! Kila mtaa ulikuwa na mfugaji wake. Anayebisha hodi ukidhani amekuja kununua, kumbe naye anauza. Tulikula mayai ya kware kwa ugali, kwa chapati, kwa uji. Niliwapelekea manesi wenzangu mpaka wakaanza kunikwepa. Presha ya mtu haikushuka, na ya baba ilipanda. Siku moja alifungua banda kuwapa maji, ikaadhiniwa Alasiri, akaenda kuswali. Mlango hakuufunga. Sijui kama alisahau, na hakuna aliyethubutu kumuuliza. Jioni paka wa mtaa mzima walikuwa uani kwetu. Kwenye daftari, tarehe ile, kuna mstari mmoja tu: "Wote watoro."

Milioni 17 zilikwenda hivyo, ukichanganya na za "mtaji" alizochukua baba mdogo.

Ndiyo maana nikasema kila mwezi. Ila nimeandika mpaka hapa, naona kuna jambo nimelikalia. Baba alifariki 2019. Mama alilipwa pensheni ya miezi 36 kwa pamoja, kama milioni 12, faili likafungwa. Ile laki tatu niliyoitetea huko juu ilizikwa na mwenyewe. Na hata alipokuwa hai ilipungua bila kupunguzwa: mwanzoni ilitosha chakula, maji, umeme na dawa, mwishoni dawa na umeme.

Kinachomlisha mama leo ni yale matofali. Vyumba vitatu vya kupangisha, 50,000 kila kimoja, na bei zikipanda mtaani naye anapandisha kodi. Vilitoka kwenye mkupuo uleule niliokuwa nauponda. Baba angelipwa asilimia 33, kware wangebaki 400 vilevile. Yangepungua matofali.

Basi nirudishiwe 50 yangu. Nasema yangu, sisemi ya kila mtu. Mwenye watoto wanaosoma bado akiwa na 60, mwenye mikopo ya kausha damu, au asiye na mtu kama mama ndani ya nyumba, huyo achukue kidogo kidogo na asinilaumu. Mimi sijangoja hata hiyo asilimia. Kila mshahara nanunua matofali mia, na mume wangu hajui yako wapi.

Juzi baba mdogo alinipigia. Alitaka kujua natimiza 55 lini. Ana habari za vanila.