Maswali yenu: ukijani wa lambo na vifo vya mifugo

*Lambo letu limetanda ukijani mzito kama rangi ya mafuta. Mbuzi wawili walikunywa, wakatetemeka, wakaanguka palepale. Watu wanasema kuna mkono wa mtu.* (Mfugaji, Handeni)

Kabla hujagombana na jirani, mwite bwana mifugo. Mimi nashuku sianobakteria, viumbe vidogo mno vinavyojitengenezea chakula kwa jua kama mimea. Baadhi yake hutoa sumu. Anatoksini hushika neva, na mnyama anaweza kukata pumzi ndani ya dakika chache. Mikrosistini huharibu ini. Hapo kifo huchukua saa au siku, na anayenusurika huenda akababuka na jua penye ngozi nyeupe. Mambo haya ni ya zamani: mwaka 1878 George Francis aliandika habari za mifugo iliyokufa kwa maji ya Lake Alexandrina, Australia. Na mwaka 2020, tembo zaidi ya 300 walipokufa Botswana, serikali yao ilitaja sumu ya sianobakteria.

*Nitautambuaje na ukoga wa kawaida?*

Chovya kijiti. Kikitoka na nyuzi zinazoning'inia kama nywele, huo ni ukoga tu. Kikitoka kimepakwa kijani, shuku. Ila kijiti hakipimi sumu, maabara ndiyo hupima. Mpaka majibu yatoke, hesabu kwamba ipo.

*Mbona ng'ombe wa upande wa pili hawadhuriki?* (Mkinga)

Tazama upepo. Utando huelea, na kaskazi ikivuma huusukuma wote ukingo wa kusini-magharibi. Wanaonywea huko wanakunywa sumu iliyokusanyika; wa upande unakotoka upepo wanapata maji mepesi. Kusi ikishika, mambo yanageuka, kwa hiyo usizoee ukingo mmoja. Kama hamna maji mengine, zungusha miiba lambo zima, chota upande unakotoka upepo, chini ya utando, mnyweshee kwenye hori. Hilo lina faida ya pili: ng'ombe wakisimama majini wananya humo, na samadi, kama mbolea inayosombwa kutoka mashambani, ndiyo chakula cha ukijani.

*Nikichemsha je? Au nitie mrututu?*

Usifanye lolote kati ya hayo. Kuchemsha hakuondoi mikrosistini. Mrututu huua sianobakteria kweli, lakini zikipasuka zinamwaga sumu yote majini kwa mkupuo, na kondoo hawastahimili shaba iliyomo kwenye mrututu. Ninayemlaumu zaidi ni muuza dawa anayeupendekeza bila hata kuuliza nani anakunywa pale.

*Mbuzi aliyekufa analiwa?*

Kibudu hicho! Kifukie, na mbwa asikiguse.

*Na perege wa humo?*

Sumu hukaa zaidi kwenye ini na matumbo kuliko kwenye mnofu. Kwa maji yaliyotanda hivyo, mimi nisingevua kabisa mpaka yatakate.