Kwa madaktari wapya wa mifugo: ugonjwa unaingilia wapi?

Wadogo zangu mnaoanza kazi Arusha na Moshi, vitabu vya usalama wa kibaiolojia, yaani kuzuia ugonjwa usiingie kwenye mifugo, vimejaa mageti na mabwawa ya kuoshea matairi. Mfugaji wa Machame ana ng'ombe wawili kwenye banda lililo karibu na jiko. Wa Monduli mbuzi wake wanakunywa maji pamoja na wa majirani. Geti liwekwe wapi? Ukifika, jiulize tu ni nini kinaingia hapa, na kinapita wapi.

Banda la mlimani, mara nyingi tunaoingia ni sisi. Daktari anamtoa ng'ombe kondo la nyuma kwa mfugaji mmoja, anafuta buti kwenye majani, anaenda kwa jirani. Brusela, bakteria wanaofanya mimba itoke, hukaa kwenye kondo na maji ya mimba iliyotoka, na binadamu inampata pia. Kwenye pikipiki yangu brashi, ndoo na sabuni hupata nafasi kabla ya dawa yoyote ya sindano. Dawa ya kuua vijidudu ukiimwaga juu ya samadi umeipoteza. Sugua, suuza, ndipo upake, na usubiri muda ulioandikwa kwenye chupa (hapa ndipo wengi hukosa subira). Sindano ni moja kwa mnyama mmoja, maana ndigana baridi, ugonjwa wa damu wa ng'ombe, husafiri na damu iliyobaki kwenye sindano. Wazima watembelewe asubuhi, wagonjwa mwisho.

Tambarare mlango ni mnada. Mbuzi wa mnada wa Meserani au Weruweru anaweza kuonekana mchangamfu kumbe ana sotoka ya mbuzi na kondoo, ambayo kwa kawaida huchukua siku 4 hadi 6 kabla ya dalili. Mnyama mgeni atengwe wiki 3, awe na chombo chake cha maji, na ahudumiwe baada ya wengine. Aliyepelekwa mnadani akakosa mnunuzi naye ni mgeni. Huyu husahaulika sana. Kwa homa ya mapafu ya ng'ombe wiki hizo hazitoshi, inaweza kujificha kwa miezi, kwa hiyo ulizeni alikotoka.

Msiende kwa wazee wa Kimaasai kama wahubiri. Nyumbu wanapozaa, wao huondoa ng'ombe kwenye malisho hayo, kwa sababu ndama wa nyumbu hueneza ugonjwa unaoua ng'ombe. Kutenga wanakujua. Mwanzieni mzee hapo, muulizeni na wa mnadani angemweka wapi. Atataja mahali ambapo ninyi msingepafikiria.

Kuhusu kimeta sijadiliani na mtu. Mnyama akifa ghafla, damu isiyoganda ikatoka puani au nyuma, msimpasue. Vimelea vikipata hewa hutengeneza mbegu zinazodumu ardhini miaka mingi. Chukueni damu kidogo ya sikio mkiwa na glavu, pigeni simu kwa daktari wa wilaya, mzoga ufukiwe kwa kina au uchomwe. Wenye visu watawanunia. Msiondoke mpaka shimo lifunikwe.