Mwaga hiyo siki kwanza

Mkuu, umeuliza koili ipi ununue (lile duara la chini la mashine ya kutafutia metali ardhini), mashine uiwekeje isikusumbue na misumari, kisha mwishoni ukadokeza kwamba leo usiku unailoweka ile sarafu ya shaba uliyoichimbua kwenye siki na kuisugua kwa dawa ya meno "ili maandishi yatoke". Yatatoka kweli. Hayatarudi.

Shaba iliyolala ardhini miaka mingi haibaki shaba kwa juu. Uso wake unageuka tabaka la oksidi, jekundu la kahawia, na juu yake ukijani. Mara nyingi sura na herufi zimebaki ndani ya tabaka hilo, si kwenye metali iliyo chini. Siki inalila lote, unabaki na kitu cha rangi ya waridi chenye vishimo kama uso uliopona ndui. Ndimu vilevile. Kola ina asidi ya fosforasi. Atakayekwambia "hivyo ni vyakula, havina madhara", muulize kama sarafu ina tumbo.

Nami nilidanganywa hivyohivyo na hizi video fupi: sarafu nyeusi inazama kikombeni, inaibuka inang'aa, video imekwisha. Hawakuonyeshi mnunuzi anavyoiinamisha chini ya taa moja, akaona mikwaruzo imelala upande mmoja, akakurudishia bila neno. Nacheka sasa kwa sababu kulia hakukusaidia.

Kanuni ni moja: USISUGUE. Wala kwa kidole gumba pale shimoni. Mchanga mwingi ni kwatzi, jiwe ambalo ugumu wake ni 7 kwenye kipimo cha Mohs. Shaba ni 3, fedha haizidi hapo. Hicho kidole chako ni msasa.

Sarafu itie kwenye kikopo pamoja na udongo wake. Nyumbani iloweke kwenye maji yaliyokenekwa, si ya bomba, maana ya bomba yana klorini. (Ukichukua ya kuongezea betri soma lebo, kuna kopo la tindikali linalofanana nalo.) Badilisha maji kila siku hadi yabaki meupe, inaweza kuchukua wiki kadhaa. Udongo uliolainika usukume kwa kijiti cha mwanzi, chini ya lenzi, kikiwa kimelowa. Kijiti kikigoma, acha. Kausha kwa kugusisha kitambaa laini, usifute. Usiihifadhi kwenye vifuko vya plastiki ya PVC, vinatoa utelezi wa kijani unaokula metali.

Ukijani mgumu wenye uso laini uache, huo ndio ngozi yake. Ukiona unga wa kijani mpauko unaopukutika na kurudi kila ukiutoa, hiyo ni kloridi ya shaba: ikipata unyevu na hewa inazaa asidi yake yenyewe na kuendelea kutoboa. Sarafu hiyo itenge na nyingine, iweke kwenye kopo lisilopitisha hewa pamoja na silika jeli (vile vipakiti vya kunyonya unyevu), unyevu uwe chini ya asilimia 40.

Dhahabu haina shida hizo, suuza tu. Lakini nayo ni laini, kwa hiyo rudia neno langu la herufi kubwa.

Koili? Penye misumari mingi chukua ndogo, inatenganisha vizuri vitu vilivyokaribiana. Kubwa inanusa chini zaidi lakini inachanganya sauti zao. Kabla ya lolote, weka hapa picha za pande zote mbili, taa itokee ubavuni. Na udongo uwe bado upo.