Mhasibu Akujibu: Kabla Chama Hakijachangia Kisima

SWALI: Kwako mhasibu, salamu nyingi kutoka Umoja. Mimi ni mweka hazina wa chama chetu cha akina mama. Mwaka huu tumekubaliana sehemu ya akiba yetu iende kwa shirika linalochimba visima Ukambani. Kijana wao alikuja mkutanoni na vipeperushi vinavyosema kila shilingi, asilimia mia, inakwenda kwenye maji. Wenzangu wameridhika. Mimi roho inasita, na saini ni yangu. Niulize nini bila kuonekana mchoyo?
Mweka hazina, Umoja

JIBU: Dada yangu, huo si uchoyo hata kidogo. Umeaminiwa pesa za watu, na shirika linaloishi kwa michango linapaswa kuzoea kuulizwa. Nimekagua hesabu za mashirika hapa Nairobi kwa miaka mingi. Kazi ya maji naithamini sana, ndiyo maana huwa nakasirika nikiona kisima kilichokufa kikihesabiwa kwenye ripoti kana kwamba watu bado wanakichota.

Anza na cheti. Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ilipitishwa 2013 lakini ilianza kutumika tarehe 14 Mei 2024, ikachukua nafasi ya ile ya NGO ya 1990. Waombe cheti chao cha usajili na ripoti ya mwaka waliyoiwasilisha kwa mamlaka inayosimamia mashirika hayo. Wakisema wao ni kikundi cha kijamii, basi wako chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022. Ukiridhika, songa mbele, maana cheti kinaonyesha tu kwamba wapo.

Pili, omba hesabu zilizokaguliwa, si kijitabu cha picha. Mkaguzi aliyetia saini awe na leseni ya ICPAK, taasisi ya wahasibu wa Kenya. Kisha ruka kurasa za mbele uende kwenye maelezo ya nyuma, kule wasomaji wengi hawafiki. Tafuta fedha zilizotengewa kazi maalumu, yaani zile zilizotolewa kwa ajili ya visima na hazijatumika. Linganisha na pesa taslimu zilizoko benki siku hiyohiyo ya kufunga mwaka. Tuseme ukurasa mmoja unasema pesa za visima zilizobaki ni shilingi milioni 6, na mwingine unasema benki kuna milioni 2. Zile 4 ziko wapi? Huenda kuna mfadhili ambaye bado hajatuma alichoahidi, na hilo litaonekana kwenye orodha ya wadaiwa. Lakini kama halionekani, mara nyingi jibu ni kwamba pesa za maji zimelipa mishahara na kodi ya ofisi, na visima vya mwaka jana vinangoja michango ya mwaka huu. Mchango wa chama chenu utaziba pengo hilo, na kule Ukambani hakuna atakayeona tone. Ungekuwa na nafasi ya kukagua kitu kimoja tu, ningekuambia ukague hiki.

Kuhusu asilimia mia, sina ugomvi na kauli hiyo mradi ielezwe. Shirika la charity: water la New York, lililoanzishwa na Scott Harrison mwaka 2006, linafanya hivyo: michango ya umma inakwenda kwenye miradi, na gharama za ofisi zinabebwa na kundi la wafadhili binafsi waliokubali mzigo huo. Akaunti za pesa hizo mbili zimetenganishwa, na sheria ya Marekani inataka marejesho yao ya kodi, fomu 990, yawe wazi kwa yeyote anayetaka kuyasoma. Sasa muulize yule kijana: nani analipa mafuta ya gari la kwenda Kitui? Nani analipa mkaguzi? Akikutajia mfadhili na akaunti, vizuri. Akisema hawana gharama, funga daftari lako, kwa sababu gharama zipo na zimefichwa ndani ya neno "mradi".

Wala usiende upande wa pili ukawapenda wenye ofisi ndogo kuliko wote. Mwaka 2013 taasisi tatu za Marekani zinazopima mashirika ya hisani, Charity Navigator ikiwa mojawapo, ziliwaandikia wachangiaji barua ya wazi kuwasihi wasipime shirika kwa kiwango cha gharama za ofisi peke yake. Nakubaliana nazo kabisa. Fundi anayerudi kukagua pampu analipwa mshahara, na mshahara huo ndio maji yenyewe. Mwaka 2009 mtandao wa RWSN, unaoshughulikia maji ya vijijini, ulikadiria kwamba takriban pampu moja kati ya tatu za mkono Afrika kusini mwa Sahara ilikuwa haifanyi kazi. Kinachoua kisima mara nyingi ni raba ya pampu iliyochakaa na kamati isiyo na akiba ya kununua nyingine.

Kwa hiyo usiombe kuonyeshwa kisima kipya. Omba orodha ya vile walivyochimba miaka mitano iliyopita, chagua wewe mwenyewe, wakupe namba ya mwenyekiti wa kamati ya hapo, umpigie. Muulize leo maji yametoka? Pampu ilipoharibika mara ya mwisho nani alitengeneza, kwa pesa za nani? Omba pia matokeo ya maabara. Visima vingi vya nchi yetu vina floridi kupita kiasi, na Shirika la Afya Duniani linaweka ukomo wa miligramu 1.5 kwa lita. Watoto wakinywa maji yaliyozidi hapo kwa miaka, meno yao yanaharibika daima.

Na siku ya kutuma, tazama jina linalotokea kwenye M-Pesa. Likiwa la mtu binafsi, msitume.

SWALI: Shirika fulani lilitujengea kioski cha maji mtaani, tunanunua mtungi kwa shilingi 5. Kamati inasema pesa hazitoshi hata ya kutengeneza bomba. Tutajuaje?
Mkazi, Kawangware

JIBU: Ndugu yangu, nendeni kwenye mita. Uniti moja ni lita 1,000, yaani mitungi 50 ya lita 20. Kwa shilingi 5, kila uniti inapaswa kuingiza shilingi 250. Msome mita Jumatatu asubuhi na Jumatatu inayofuata, mtoe usomaji wa kwanza kwenye wa pili, mzidishe kwa 250, kisha mwombe kuona daftari la mauzo la wiki hiyo. Maji kidogo humwagika na mpira huvuja, kwa hiyo msigombane kwa tofauti ndogo. Ikiwa mita inasema uniti 40 zimepita na daftari lina shilingi 6,000 badala ya 10,000, iteni mkutano, mwalike na shirika lililojenga, na mtake usomaji wa mita na mapato viandikwe kila wiki kwenye ubao pale pale dirishani.