Moyo muzuri kitandani, mubaya ku mulima: majibu ya maswali yenu

Juzi niliandika mistari miwili tu juu ya ekografi ya moyo (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) inayofanywa mgonjwa akiwa anakanyaga baiskeli (kinga, kama tunavyoiita hapa Bukavu) na tangu siku hiyo simu haijatulia. Nimechukua machache. Mnajua mimi ni muforomo (nesi), siyo docta, kazi yangu ni kuandaa mgonjwa na kusimama pembeni yake mpaka amalize.

*Mama wa Nyamugo: "Docta alinipima akasema moyo yangu iko muzuri, inasukuma 60 kwa mia. Sasa juu ya nini nikitoka soko ya Kadutu na mufuko ya bunga nasimama mara tatu mbele ya kufika? Ku nyumba banasema ninajifanya."*

Mama, haujifanyi. Kwanza hiyo 60 siyo pointi za Exetat (mtihani wa taifa), hakuna moyo unaopata 100. Maana yake ni kwamba kila pigo moyo unatoa sehemu 60 kati ya 100 za damu iliyokuwa ndani, na kuanzia 50 hivi mpaka 70 ndiyo kawaida. Lakini moyo una kazi mbili, kusukuma na kulegea ili upokee damu nyingine, na hiyo ya pili watu wanaisahau. Moyo ulioishi miaka na tansio (presha ya damu), na sukari, na kilo nyingi, unakuwa mgumu, unasukuma vizuri lakini haufunguki vizuri. Ukiwa umelala unapata muda wa kujaa polepole na picha inatoka safi, sasa panda ule mulima na bunga kichwani, mapigo yanakimbia, muda wa kujaa unakatika, presha inarudi nyuma mpaka kwenye mapafu na pumzi inaisha. Karibu nusu ya watu wenye moyo kushindwa wako hivyo, namba yao ya kusukuma ni nzuri kabisa.

Njo maana ya kinga. Tunamwangalia mtu pale pale anapochoka. Docta anapima damu inaingia na kasi gani akigawanya na kasi ya ukuta wa moyo unapolegea, na wataalamu wa Ulaya katika mwongozo wao wa 2019 wanasema ikifika 15 ao kupita wakati wa mazoezi, hiyo ni alama ya presha ndani. Halafu anaangalia vali (mlango wa damu ndani ya moyo) ya upande wa kuume, pale watu wengi tunavuja kidogo bila ugonjwa, kasi ya ule mvujo ikipita mita 3.4 kwa sekunde pamoja na ile 15 basi kesi inakuwa nzito.

Lakini mama, kabla ya yote hayo waangalie damu yako kama haijapungua, na mapafu. Nimeona mtu anatafutiwa moyo miezi sita kumbe ni damu tu.

*Kijana wa Ibanda: "Baba iko na miaka 67, bananiambia atakanyaga kinga. Ataweza kweli?"*

Siyo kinga ya barabarani, kijana. Ni kitanda kilichoinama kidogo kushoto, pedali ziko mbele, baba analala nusu, miguu inafungwa na kamba, kifuani kuna elektrodi na ile jeli ya baridi inayomfanya kila mtu aruke. Kawaida wanaanza na wati 25, kila dakika mbili ao tatu wanaongeza. Docta hangoji mpaka baba achoke kabisa, picha nyingi anazitaka mapema, mapigo yakiwa 100 ao 110, kwa sababu yakikimbia zaidi mawimbi mawili ya damu inayoingia yanapandana na huwezi kuyatenganisha tena.

Mama mmoja nilimshika bega, dakika ya nne tu, alikuwa anapiga stori za harusi ya binti yake halafu stori ikakatika katikati ya neno. Docta akasema "njo hapa" (yaani ndiyo hapa), akabonyeza picha. Ile sekunde aliyonyamaza ndiyo tuliyokuwa tunaitafuta.

Kuna pia tapi ya kutembelea (mkanda wa mashine unaozunguka chini ya miguu), lakini pale lazima ashuke na kulala mbio, picha ipatikane ndani ya dakika moja hivi, mimi siipendi kwa wazee. Na ile sindano ya dobutamini inayoharakisha moyo inafaa kwa mambo mengine, siyo kwa hili la moyo mgumu, haifanani na kupanda mulima.

*Baba wa Panzi: "Miye moyo yangu inasukuma 30, nilishaambiwa. Hii ekzame itanisaidia nini?"*

Pengine kitu, pengine hapana. Inaweza kuonyesha kama moyo uliochoka bado una akiba, yaani ukiombwa unaongeza. Inaweza kuonyesha vali ya kushoto inayovuja kidogo ukilala na kuvuja sana ukitembea, hiyo inabadilisha matibabu. Ukimaliza kukanyaga wanaweka sondi (kile kifaa cha kupiga picha) juu ya kifua kuangalia mapafu pia, mistari mieupe ikitokea kama mikia inashuka, ni maji. Lakini kama miguu imevimba leo na unalala umekaa, baba, usiuze mbuzi juu ya kinga, anza na dawa, maji yatoke. Haya mengine baadaye.

*Dada wa Bagira: "Mutu anaweza kufia pale?"*

Ni nadra sana, na njo maana docta yuko pale muda wote, na dawa za haraka na mashine ya kurudisha mapigo. Kuna watu hatuwapandishi: mwenye maumivu ya kifua yaliyoanza sasa, mwenye vali ya aorta (mshipa mkubwa unaotoka moyoni) iliyobana sana na tayari anazimia, mwenye mapigo yaliyovurugika ao tansio iliyoruka. Ukisikia kizunguzungu ao kifua kinabana unasema, tunasimamisha, hakuna medali.

*"Na kama kwetu kinga haiko?"*

Kuna kutembea dakika sita kwenye koridori iliyonyooka, kawaida mita 30, unaenda na kurudi tunahesabu. Chini ya mita 300 ni habari mbaya. Shida ya Bukavu ni kupata hizo mita 30 za tambarare (nacheka lakini ni kweli). Kuna docta pia anayekulaza, anainua miguu yako, damu inarudi kwa wingi kwenye moyo na yeye anaangalia unapokeaje, hiyo haihitaji mashine nyingine.

*"Niache dawa siku hiyo? Nikule nini?"*

Dawa usiache bila kuambiwa, hasa zile za kupunguza mapigo, siku nyingine docta anataka akuone nazo, siku nyingine bila. Bugali nzito achana nayo saa tatu kabla, chai kidogo haina shida. Na tafadhali mama zangu, msikuje na kikwembe ya kufunga, juzi imeingia kwenye pedali tukatumia robo saa kuitoa. Suruali, ao training (nguo ya mazoezi) ya mtoto.