Mvua Zikikatika Dodoma, Uandae Mwili na Moyo

Msomaji mmoja, mtumishi wa umma aliyehamishiwa Dodoma kutoka Dar es Salaam, ameniandikia kwamba tangu mvua zikatike midomo inampasuka, pua inamtoka damu asubuhi, na moyo umekuwa mzito kiasi cha kujifungia ndani kila atokapo kazini. Nilimwelewa kabla sijamaliza kusoma, kwa kuwa hayo yote yalinipata nilipohamia hapa mwaka 2017.

Mji huu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mvua zake hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Baada ya hapo upepo mkavu wa kusini mashariki huvuma na vumbi lake, na usiku wa Julai hushuka hadi nyuzi 13 au 14, ilhali mchana jua ni kali. Mimi mzaliwa wa Tanga niliamka koo limekauka, na visigino vina magaga yanayonasa kwenye shuka.

Aliyenifunza kuishi na ukavu huu ni mama mwenye nyumba wangu, Mgogo wa Bahi. “Mwanangu, usingoje kiu, baridi huificha,” aliniambia. Alinitaka nijipake mafuta mara nitokapo kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu, na ninyunyize maji uani kabla ya kufagia. Asubuhi alinipa uji wa uwele uliotiwa karanga.

Kuhusu moyo, ndugu zangu, tusiazime maelezo ya Ulaya, ambako vuli hupunguza mchana kwa saa nyingi. Hapa tofauti ya mchana mrefu na mfupi haifiki saa moja. Kwa maoni yangu, kinachotulemea ni upweke, kwa sababu upepo hutufungia milango tukiwa mbali na jamaa. Basi toka, vaa sweta, kaa na majirani wanapobangua karanga, wasalimie wazee, wala usione haya kuwa mgeni. Kunywa maji. Jipake mafuta. Toka tena kesho.

Pua ikitoka damu, inamisha kichwa mbele na ubane sehemu laini ya pua. Isipokoma, au kifua kikianza kubana, nenda hospitali siku hiyo hiyo.