Shangazi, mke wangu amekataa kunitoa kwenye madeni

"Shikamoo shangazi. Mimi ni mwalimu wa sekondari huku Mtwapa, nina mke na watoto watatu. Madeni yamenilemea, kama laki nne na ishirini hivi: Sacco 380,000, apu za mikopo za simu 64,000, shailoki, yaani mkopeshaji wa mtaani wa riba kubwa, 45,000 na walimu wenzangu 20,000. Mshahara ukishakatwa nabaki na 19,000. Mke wangu anauza mahamri na ana pesa za chama lakini amekataa kunisaidia, siku hizi hata chai ananiwekea mezani bila kunisemesha. Juzi watu wa apu wamempigia mama mkwe wakamwambia mimi mwizi. Nimesoma kwamba Kenya kuna sheria ya kufutiwa deni kama huna mali. Nataka ile ploti yetu ya Kaloleni niiandike kwa jina la ndugu yangu, kisha niombe kufutiwa, na huyu mwanamke arudi kwao. Nishauri."

Marahaba mwanangu. Pole, kulala na simu umeizima kwa kuogopa wanaokudai si kulala. Pole yangu inaishia hapo, maana barua yako nimeisoma mara tatu na kila nikiisoma namuona mkeo kuliko ninavyokuona wewe.

Kwanza hesabu. Umesema laki nne na ishirini, nikajumlisha ulivyoorodhesha mwenyewe nikapata 509,000. Elfu themanini na tisa umezimeza hapo hapo mbele yangu, mimi usiyenijua, sasa huyo unayelala naye umemmezea ngapi? Pili, hujasema hata mara moja hizo pesa zilienda wapi. Mtu aliyekopa kwa karo au kwa hospitali hilo ndilo husema kwanza, tena kwa uchungu. Mtu anayetoka Sacco akaenda apu, kutoka apu akaenda kwa shailoki, na nyumbani hakuna bati jipya wala kitanda kipya, huyo pesa zake zinaenda kwenye kubeti au kwenye nyumba nyingine. Mimi sijui ni ipi, ila mkeo anajua, ndiyo maana hakusemeshi.

Unasema amekataa kukusaidia. Watoto watatu wanakula nini mwezi mzima na wewe umebaki na 19,000 ambazo nina hakika wiki ya kwanza zimeisha? Wanakula mahamri yake. Anaamka usiku kukanda unga, na hizo za chama ndizo zitakazolipa karo mhula ujao. Akikupa leo, shailoki atashiba na kesho utarudi kwake kukopa tena. Mwanamke huyo hana dharau, ana akili, na ningekuwa mamake ningemwambia azidi kuzificha.

Sasa hiyo sheria. Ipo kweli, ni Sheria ya Ufilisi ya 2015, na huo utaratibu wa wasio na mali ni wa anayedaiwa kuanzia 100,000 mpaka milioni nne, ukikubaliwa unakaa mwaka mmoja halafu madeni yanafutwa. Lakini umewekewa mtu asiye na chochote cha kuuzwa wala uwezo wa kulipa hata kidogo, wewe una mshahara na una ploti. Na hiyo ya kumuandikia ndugu yako, mwanangu, nilishtuka. Kuficha mali ni moja ya mambo yanayokufungia mlango huo kabisa, hata kukopa huku unajua huna cha kulipa kunakufungia, na wanaokudai wana haki ya kwenda kukupinga. Halafu umeandika ploti "yetu", kwa hivyo unataka kumuibia mkeo ndipo umfukuze.

Kufilisika kwenyewe kwa kupitia Mahakama Kuu ni kitu kingine, hapo mali yako inashikwa na msimamizi na kwa kawaida inachukua miaka mitatu mpaka uachiliwe. Na wewe ukiachiliwa wadhamini wako hawaachiliwi. Mkopo wa Sacco una wadhamini, na nadhani ni hao hao walimu mnaokaa nao staff room, basi Sacco itawageukia wao wakatwe mishahara yao kwa deni lako.

Mtu wa mshahara kama wewe njia yako ni kulipa kwa mafungu. Sheria hiyo hiyo inaruhusu kwenda kwa msimamizi rasmi wa mambo ya ufilisi, yuko chini ya Huduma ya Usajili wa Biashara, BRS, ukaomba agizo la kulipa kidogo kidogo, kwa kawaida ndani ya miaka mitatu, na agizo likitoka wanaokudai hawakusumbui ovyo. Kabla ya huko nenda Sacco kwa miguu yako ukaombe muda wa mkopo urefushwe. Pia peleka karatasi ya mshahara kwa mhasibu, sheria ya ajira inasema makato yote yasizidi theluthi mbili, kama hizo 19,000 hazifiki theluthi ya mshahara wako basi kuna makosa. Na wale waliompigia mama mkwe wamevunja kanuni za Benki Kuu za 2022, mkopeshaji wa simu haruhusiwi kutisha wala kupigia watu walio kwenye simu yako, washtaki huko Benki Kuu na kwa kamishna wa kulinda data za watu. Deni lao bado utalipa lakini.

Ndoa za siku hizi zinaniumiza roho. Watu wanalala shuka moja na kila mtu simu yake ina namba ya siri, mke hajui mume analipwa ngapi, mume hajui mke yuko vyama vingapi, siku mambo yakilipuka ndipo wanaanza kuulizana kama wapangaji. Zamani wazee wetu walikopa pia, lakini mama alijua ni kwa nani na ni kiasi gani. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na wewe umejificha mpaka kwa mtu ambaye ndiye angekushika mkono.

Basi usiku wa leo watoto wakilala, kaa naye. Toa karatasi ya mshahara, toa simu ikiwa wazi, mtajie zote 509,000 na useme zilienda wapi, jina kwa jina. Atalia, labda atatukana, nyamaza umsikilize. Pesa zake za chama usizitaje. Na kabla hujakaa naye mpigie ndugu yako simu umwambie ile ploti haibadilishwi jina.